Gauni la Mama Lililokaa Kabatini

Mimi na mdogo wangu ni mafundi cherehani. Duka letu ni chumba kimoja. Lina cherehani mbili, meza ya kukatia, na kabati kubwa la milango minne tuliloachiwa na marehemu baba. Mimi napokea wateja, nachukua vipimo na kushona sare. Mdogo wangu anashona magauni. Nisimwonee, mkono wake siupati hata nizaliwe mara ya pili. Akimtazama mtu anavyoingia mlangoni, ameshajua bega lipi limeshuka.

Hata hivyo, wateja walimwita Bwana Kesho. Aliyempa jina hilo ni mimi, dada yake wa tumbo moja. Nililisema siku moja kwa utani, watu wakacheka, likanata.

Jina lilikuwa na sababu yake. Asubuhi alianza gauni kwa moto mkubwa. Saa sita lilikuwa pembeni, naye ameshika jingine. Alitafuta tepu ya kupimia duka zima, kumbe ameivaa shingoni. Ukimtuma vifungo, anakutana na jirani ambaye redio yake imeharibika. Basi anarudi na redio, vifungo hana. Toka shuleni alikuwa hivyo. Walimu walimchapa, baba alimchapa, na alipokua mimi nikaendelea kwa mdomo.

Mimi sasa ni mtu wa kunyoosha vitu. Baba alitufundisha kwamba Jumamosi jioni meza ya fundi iwe tupu. Nguo ambayo haijaisha inakunjwa, inatiwa kwenye mfuko, inaingia kabatini na mlango unafungwa. Kazi hiyo niliifanya mimi, kila Jumamosi, miaka kumi na mitatu. Nikiona meza imebaki mbao tupu, moyo wangu unatulia.

Mwaka jana mama yetu alianza kugonga milango na kumwaga chai. Nilimpeleka kwa daktari wa macho. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba imechelewa kugundulika. Dawa zingeweza kupunguza kasi, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Mama alisikiliza yote. Kesho yake alikuja dukani na kitambaa cha manjano, manjano iliyokolea kama kiini cha yai. Alikiweka mezani mbele ya mdogo wangu.

"Nishonee gauni, mwanangu," alisema. "Hii rangi bado naiona vizuri. Nataka nilivae, nisimame kwenye kioo, nijione."

Hakuomba kingine. Mdogo wangu alimpima. Siku hiyo hiyo alikata. Alhamisi aliunga mabega, Ijumaa akaweka zipu. Jumamosi jioni zilibaki mikono na pindo tu. Nilipofika na mfuko wangu ili nilikunje, alilishika.

"Dada, hili liache hapa mezani," aliniambia. "Nikiondoka nisilione tena, basi. Linatoka kichwani kabisa."

Alinieleza hivyo kwa maneno mepesi. Nikacheka. Nilimwambia watu wazima hawaachi kazi mezani kama watoto wanavyoacha vikombe. Nikalikunja, nikaliweka rafu ya tatu, nikafunga mlango.

Jumatatu alikuja mteja mwenye haraka zake, na gauni la mama halikutoka. Wiki ikapita, ikaja nyingine. Mama alipouliza, mdogo wangu alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Aliapa kwamba ni kesho. Alikuwa anasema kweli, naona sasa. Kila mara alikusudia. Ila akigeuka, mezani kuna kazi nyingine, na gauni limefungiwa. Baadaye aliona aibu. Mama akija mlango wa mbele, yeye anatokea wa nyuma.

Na mimi nilijua liko wapi. Hapo ndipo roho inaponiuma. Ningefungua kabati, nikamwekea gauni mbele yake. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Sikufanya. Nilijiambia, ngoja nione atalikumbuka lini mwenyewe, mtu mzima na ndevu zake. Niliyaita hayo kumfundisha.

Miezi mitano ikaisha hivyo. Siku moja mama alikaa kwenye benchi letu, akauliza tena kwa upole kama lipo tayari. Mdogo wangu akasema kesho. Nikapandwa na hasira. Nikasema mbele ya wateja wanne kwamba mama atapofuka akimsubiri yeye.

Mama aliinamisha kichwa, akawa anakunja na kukunjua pembe ya mtandio wake. Mdogo wangu alivua tepu shingoni, akaiweka mezani, akatoka. Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa. Nilisikia anabeba mizigo sokoni.

Siku ya nne aliingia nesi mmoja, mteja wangu wa siku nyingi. Anafanya kazi kwenye kliniki ya afya ya akili. Alikuja kuchukua sare yake, ambayo nilimwachia mdogo wangu aimalizie kola. Nilifungua kabati kuitafuta, huku nikimlaumu mdogo wangu kwa sauti. Nilivuta mfuko wa kwanza, nguo nusu. Wa pili, nguo nusu. Nesi alinisaidia kuitoa mifuko yote. Ilikuwa mifuko kumi na mmoja. Sare yake ilikuwemo, haina kola. Gauni la manjano lilikuwa chini kabisa.

"Nguo hizi huwa anaziweka nani humu?" nesi aliuliza.

Nikasema ni mimi, tena kwa majivuno, kwamba bila mimi duka lingekuwa jalala. Akaniuliza kama mdogo wangu aliwahi kulalamika. Nikataka kusema hapana. Kisha nikakumbuka ile Jumamosi. Nilikaa kwenye benchi alipokuwa amekaa mama.

Nesi hakunigombeza. Aliuliza mengi. Alikuwaje utotoni? Hupoteza vitu? Huanza mengi bila kumaliza? Kuna kazi akiishika hasikii hata akiitwa? Kote nilijibu ndiyo. Akasema yeye hawezi kumpima mtu akiwa dukani, tena mtu mwenyewe hayupo. Kwa hiyo nimpeleke mdogo wangu kliniki, aonwe na daktari. Lakini alinieleza kwamba kuna watu wengi wa namna hiyo, na hali yenyewe inaitwa ADHD, yaani umakini usiotulia. Mtu huzaliwa nayo, na mara nyingi huendelea nayo hadi utu uzima. Si uvivu, si jeuri, wala si ujinga.

"Sasa kama si uvivu, mbona gauni la mteja akilipenda analimaliza siku moja?" nilimbishia.

"Kwa sababu umakini anao, ila hauongozi apendavyo," alisema nesi. "Wewe ukiambiwa geuka, unageuka. Kwake usukani ni mgumu. Ndiyo maana anahitaji vitu vya nje vimkumbushe. Kazi ikiwa mbele ya macho yake, inamwita. Ukiifungia kabatini, umemnyang'anya kumbukumbu."

Kisha akacheka kidogo. Alisema mume wake ana hali hiyohiyo, na kwamba mwaka wa kwanza wa ndoa yeye naye alikuwa hodari wa kufungia vitu.

Nilimfuata mdogo wangu sokoni mchana huo. Nilimkuta amekaa juu ya gunia, vumbi hadi kwenye kope. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakanipotea yote. Nilimwambia tu kwamba lile gauni nililificha mimi, na kwamba aliniomba nisilifiche nikamcheka. Alifuta uso kwa shati.

"Nilidhani mimi ndiye mbovu, dada," alisema. "Toka darasa la pili nadhani hivyo."

Nilimshika mkono, tukarudi dukani.

Kliniki tulikwenda mara tatu. Daktari hakukimbilia kumpa jina la ugonjwa. Alimsikiliza, akanihoji na mimi, akauliza usingizi wake na habari za shule. Mwishowe alithibitisha. Alimweleza kuhusu dawa, faida zake na madhara yake, wakakubaliana aanze kidogokidogo huku akirudi kuangaliwa. Nesi ndiye aliyetufundisha kupanga duka. Alisema dawa inaweza kusaidia, lakini haitundiki nguo.

Hatukusubiri hadi tumalize kliniki. Jioni ileile ya sokoni tuling'oa milango ya kabati. Nilishika bisibisi mwenyewe, na sitaki kudanganya, iliniuma. Tulifunga bomba refu ukutani, kila nguo ambayo haijaisha ikatundikwa kwenye henga, wazi, mbele ya macho. Vifungo, zipu na nyuzi tulivitia kwenye makopo ya plastiki yanayoonyesha ndani. Mkasi tuliuchorea umbo lake kwenye ubao, tukapiga hapo msumari wa kuutundikia. Umbo likiwa tupu, unajua mkasi haujarudi kwao.

Kila nguo ilibandikwa kadi kwa pini. Mwanzoni niliandika "gauni la fulani, lishonwe". Nesi alilikataa neno hilo. Alisema kwa mdogo wangu "shona gauni" ni mlima mzima, hajui akanyage wapi kwanza. Tukaandika hatua ndogo: unga mabega, weka zipu, weka mikono, piga pindo, piga pasi. Akimaliza hatua anaikata kwa chaki nyekundu. Hata akiitwa katikati, akirudi anaona aliishia wapi.

Si kila kitu kilifaulu. Niliweka ratiba kubwa ukutani kwa rangi nne, nikaipenda mno. Baada ya wiki moja alikuwa haioni tena. Imegeuka ukuta. Tukaiondoa, tukabaki na karatasi moja ya kazi tatu za leo, inayoandikwa upya kila asubuhi. Kengele ya simu nayo aliizima akiwa anashona, hata asikumbuke kama ililia. Sasa simu inakaa kule kwenye pasi. Ili aizime lazima ainuke, na akishainuka ameshaamka. Anashona dakika ishirini na tano, inalia, anatembea hadi barabarani na kurudi dakika tano.

Wazo likimjia, halihifadhi kichwani. Ana kidaftari amekifunga kwa uzi shingoni pamoja na tepu. Redio ya jirani inaandikwa humo, halafu anaendelea na mkono wa gauni.

Na kwa kazi anazozikwepa, mimi navuta kiti nakaa karibu naye na sare zangu. Simsimamii. Nakaa tu, kila mtu na lake. Nesi alisema watu wengi wa hali hii hufanya kazi vizuri mtu akiwa karibu. Nilishangaa. Miaka yote nilikuwa ninasimama nyuma yake, kumbe alihitaji nikae pembeni.

Gauni la mama lilikuwa la kwanza kutundikwa kwenye bomba lile. Kadi yake ilikuwa na hatua tatu tu. Alizimaliza kwa siku mbili, nimekaa kando yake. Siku mbili tu. Alipolipiga pasi nilihesabu miezi, nikaacha kuhesabu.

Tulimpelekea mama nyumbani siku hiyohiyo mchana, jua likiwa kali, ili mwanga uwe wa kutosha. Nilimvalisha. Mdogo wangu alibeba kioo kirefu kutoka chumbani kwangu, akakisimamisha mbele ya dirisha. Mama alisogea. Akasogea tena, hadi pua ikakaribia kioo.

"Naona mwanga," alisema. "Naona mtu amesimama."

Kisha akaacha kioo, akaanza kulisoma gauni kwa vidole. Alipitia bega, akapitia mshono wa mkono, akashuka hadi kwenye pindo. Alisema mshono umenyooka, kazi ya mtu anayejua. Mdogo wangu alikuwa amekishikilia kioo bado, machozi yanamtiririka, hana mkono wa kuyafuta.

"Mikono hii imeshonwa juzi, uzi wake bado mgumu," mama alisema. "Lakini mabega yana siku nyingi. Lilikuwa wapi siku zote hizi?"

Mdogo wangu alifungua mdomo. Nilijua atasema nini. Angesema alisahau, na mama angeamini, kama alivyoamini mbele ya wale wateja wanne. Nikamwahi.

"Kabatini, mama. Alitaka liachwe mezani alimalizie. Nililikunja mimi, na nilijua liko wapi."

Mama aligeuza uso kunitafuta, akanikosa kidogo, akawa anatazama ukuta. Nilingoja anigombeze. Ningeshukuru kama angenigombeza.

Leo mdogo wangu anatoa nguo kwa siku aliyoahidi, mara nyingi. Akichelewa, anamwambia mteja mapema. Jina la Bwana Kesho nimewaomba wateja waliache, na mmoja akilisahau namkumbusha. Kabati halina milango, na Jumamosi jioni meza yetu haiwi tupu. Mteja mpya akisema duka limejaa, namwambia ndivyo lilivyopangwa.

Lakini siku ile mama hakunigombeza. Nilipomvua gauni, nilianza kulikunja, kwa mazoea. Alisikia kitambaa kikikunjwa. Akaushika mkono wangu.

"Msilikunje tena," alisema. "Litundikeni hapo karibu na kitanda, nikinyoosha mkono nilipate."

Mdogo wangu akapiga msumari.