Tundu Kwenye Ramani ya Ngome

Magharibi hiyo Fundi Gundi alitumwa mkate, akarudi na mkate. Dada yake akashika kiuno.

"Leo hukupotea njiani, mdogo wangu?"

"Nimepotea, dada. Mkate ndio ulionirudisha."

Walikaa vyumba viwili ndani ya ngome ya zamani ufukweni, maana kazi ya Fundi ilikuwa humo humo: kutibu karatasi kuukuu za serikali kwa gundi ya unga. Wiki hiyo mgonjwa wake alikuwa ramani ya ngome yenyewe, iliyochorwa kwa mkono na mhandisi wa jeshi lililowahi kuizingira. Mstari mwekundu ulionyesha njia ambayo askari wake waliichimba chini kwa chini ili waibukie ndani. Ulipofika ukutani, mstari ulikatikia kwenye tundu.

Wadudu, Fundi aliwaza.

Sheria ya kazi yake ni moja: ziba tundu, usichore kitu. Lakini mchana ule, kiraka kilipokauka, mkono ulimwasha. Akauunga mstari kwa wino mwekundu. Ukapendeza, akajipigia makofi peke yake. Uliishia chini ya chumba anacholala dada.

Sasa mkate ulikuwa mezani, na bakuli la maji ya kunawa.

Maji yakatetemeka.

"Lori hilo," dada akasema.

"Ndiyo, lori," Fundi akajibu, ingawa ngome ilizungukwa na bahari pande tatu, na upande wa nne ulikuwa ngazi.

Tk... tk... tk...

Harufu ya udongo mbichi ikapanda kutoka sakafuni. Kisha jasho. Jasho la watu wengi.

"Basi ni panya," dada akasema. "Kichwa kinaniuma, naenda kujilaza."

Fundi akatega sikio sakafuni. Hakuogopa, na hilo lilimshangaza. Huyu ni mtu aliyewahi kukimbizwa na mbuzi katika nchi tatu. Mwili wote ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa.

Chini ya mawe, mtu akanong'ona:

"Ahsante, fundi... Tulikuwa tumekwama."

Kutoka chumbani dada akaita, "Wee! Mbona kitanda kinasogea?"

Fundi akakimbilia meza yake ya kazi, akashika wembe. Akakwangua wino, akakwangua kiraka, mpaka tundu likarudi.

Kimya.

"Kimetulia," dada akasema kwa sauti ya usingizi.

Ndipo Fundi aliposogeza taa. Kandokando ya tundu, kwenye karatasi ya zamani, kulikuwa na mikwaruzo myembamba, imelala sambamba na yake. Hawakuwa wadudu. Mtu alikwangua hapo kabla yake, kwa kisu, kwa haraka. Na kwenye mikwaruzo ile wino wa zamani ulikuwa umevutwa ungali mbichi.

Aliyekwangua ndiye aliyechora: mhandisi mwenyewe, basi. Aliwafutia njia askari wake mwenyewe, wakiwa bado chini. Alisikia nini, hata akawafungia? Ramani haikusema.

Tangu hapo wale wa chini hawachimbi tena. Wanagonga, kwa viganja. Kila jioni maji ya bakuli hutetemeka, kidogo kuliko jana.

"Panya wako wamekonda," dada humwambia.

"Wamekonda, dada."

Dada humkatia mkate, naye Fundi hula wake mpaka mwisho. Hasikii ladha yake.