Dereva Ndani ya Koti la Afande

"Tulia! Ukitikisika nakuchoma pini," fundi cherehani alisema.

"Nimechoka kusimama, mpenzi."

"Si ulitaka kufichwa? Mwenye kufichwa hachagui kazi."

Ilikuwa siku ya tatu dereva wa lori analala kwenye chumba cha kujaribia nguo, nyuma ya pazia. Bosi wake alimshitaki kwamba anaiba dizeli, hati ya kumkamata ikatoka, naye badala ya kwenda kujieleza akakimbilia kwa mchumba wake. Fundi naye hakuweza kuuona mwili mzuri ukikaa bure. Mabega ya dereva yalilingana na ya afande wa kituo cha jirani, aliyekuwa ameagiza koti la harusi ya binti yake. Basi akamvalisha koti la afande ili alipime vizuri. Mapenzi mapenzi, kazi kazi!

Simu ikaita. Alikuwa dada yake, karani wa mahakama.

"Mdogo wangu, huyo mtu yuko kwako?"

"Mtu gani, dada?"

"Usinizungushe. Kumficha mtu mwenye hati ni kosa la peke yake. Hata yeye akionekana hana hatia, wewe unayo. Umenielewa?"

Fundi akakata simu. Lakini sauti ya dada ilikuwa imejaa chumba kizima.

"Kumbe nikikaa hapa nakuponza?" dereva aliuliza. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeondoka. Wakikunyima dhamana nitabaki na nani mimi?"

"Navua koti. Naenda kituoni sasa hivi."

"Hodi, fundi!"

Alikuwa afande mwenyewe! Fundi akamsukuma dereva nyuma ya pazia.

"Nimekuja kujaribu koti langu."

"Bado kidogo, afande. Njoo Ijumaa."

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Dereva akakohoa kweli. Afande akavuta pazia.

"Fundi, koti langu umemvisha nani?"

"Ni mimi mnayenitafuta," dereva akasema haraka. "Huyu dada simjui. Nilijipenyeza mlango wa nyuma."

"Hunijui?" Fundi akashika kiuno. "Miaka miwili ya uchumba, leo hunijui?"

"Nyamaza, nakuokoa!"

"Sitaki kuokolewa kwa kukanwa! Afande, andika: nilimficha nikijua anatafutwa, na ningemficha tena."

"Hilo la mwisho silisikii," afande akasema akizuia kicheko. "Wewe, vua koti polepole, usinifumue mshono. Halafu twendeni wote wawili."

Mwezi uliofuata mlinzi wa yadi ya malori alikiri kwamba yeye ndiye aliyekuwa akinyonya dizeli kwa mpira. Dereva akaachiwa huru, fundi akapiga vigelegele mahakamani mpaka dada yake akaziba uso. Kisha ikasomwa kesi ya fundi.

"Mheshimiwa, yeye hana kosa. Langu linatoka wapi?"

"Ulimficha mtu anayetakiwa na mahakama," hakimu akajibu. "Kuamua nani hana kosa ni kazi yetu, si ya cherehani."

Akahukumiwa miezi miwili ya kutumikia jamii: kila asubuhi ashone mashuka ya hospitali. Fundi alilia, hasa kwa aibu. Asubuhi ya kwanza akamkuta dereva amekaa kwenye chumba cha mashuka, sindano mkononi.

"Wewe si umeachiwa? Unafuata nini huku?"

"Adhabu yako. Uliipata kwa ajili yangu, tutaitumikia wote."

"Hujui kushona!"

"Nitajifunza. Na ukimaliza, nikuoe."

Fundi akalinyanyua shuka alilokuwa akilishona dereva. Alikuwa ameunganisha pande zote nne, limekuwa gunia. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamvuta sikio.

"Nimekubali. Lakini siku nyingine ukitafutwa, nakupeleka kituoni mwenyewe."

"Unanikabidhi kwa mikono yako?"

"Nakupeleka nimekushika mkono. Na siuachii mpaka turudi wote nyumbani."