Duara Jekundu kwenye Picha ya Chiriku

Wiki moja kabla ya mashindano ya uchoraji kufungwa, duka la vifaa vya shule lilijaa mpaka mlangoni. Walimu na wazazi waligombania brashi na makopo ya rangi kana kwamba vinagawiwa bure. Shule zote za jiji zilipewa mada moja, ndege na anga, ili watoto waanze kuzipenda kazi za huko juu. Mshindi angerushwa kwa ndege ndogo nusu saa nzima, pamoja na mtu mmoja wa kumchagua mwenyewe.

Katikati ya msukumano huo alikuwemo mwalimu wa sanaa, gauni la njano lenye mifuko mikubwa, kilemba cha buluu, na tone la rangi ya kijani kwenye sikio ambalo mwenyewe hakujua lipo. Nyuma yake alisimama kijana mrefu wa ovaroli.

"Dada, samahani, una rangi sikioni."

"Na wewe una grisi shavuni. Mbona mimi nimekustahi?"

"Ungeniambia, ningekushukuru."

"Haya, nimekuambia. Nishukuru."

Mwalimu akacheka. Akicheka huziba mdomo kwa kiganja, macho yakabaki yanacheka peke yake. Nawaambia ukweli, fundi alikwisha hapo hapo.

"Na hizo kalamu za nta nyekundu, mtu mzima wewe, za nini?"

"Za kazi. Mimi ni fundi wa ndege. Tukiona kasoro kwenye bodi, tunaizungushia duara jekundu ili mwenzako asiipite. Ikishatengenezwa, unafuta kwa kitambaa."

"Kumbe na nyie mnasahihisha kama walimu."

"Tena sisi hatutoi maksi za huruma."

Walibadilishana namba pale pale kwenye foleni. Jioni hiyo simu ya kwanza ilichukua dakika arobaini. Ya pili ilimkuta mwalimu anapika, akaunguza sufuria.

"Mpenzi, nasikia harufu mpaka huku."

"Nani kakuruhusu kuniita mpenzi?"

"Nifute?"

"Nimesema ufute? Acha hapo hapo."

Katika simu hizo habari ya Chiriku haikukosekana. Chiriku alikuwa mwanafunzi wake wa miaka kumi, aliyepewa jina hilo kwa kutofunga mdomo. Wiki tatu alikuwa akichora ndege nyeupe inayopaa juu ya mapaa ya bati, shuka zikipepea kwenye kamba chini yake. Shule ilikuwa inapeleka picha hiyo moja tu, na mwalimu alikuwa amemwahidi mtoto kuifikisha salama. Siku ya mwisho ikamkuta anasimamia mtihani. Ofisi ya mashindano ilikuwa uwanja wa ndege, jirani kabisa na karakana ya fundi.

"Nipe mimi, laazizi."

"Nakupa roho ya mtoto wa watu, unasikia?"

"Nimesikia, Mwalimu wangu."

Akaipokea kwa mikono miwili. Saa ya chakula, badala ya kula, aliifungua juu ya meza yake ya kazi aitazame vizuri. Ilimpendeza. Kisha akaona kwamba gurudumu la kulia linaning'inia na la kushoto halipo. Mkono wake, uliozoea kazi hiyo miaka minane, ukaenda mfukoni wenyewe. Alipozinduka, duara jekundu lilikuwa limeshakaa chini ya bawa, nene, la kujiamini.

Alichomoa kitambaa akafuta. Karatasi si bati, nduguzangu. Nta ilisambaa tu.

Sharti la kwanza la mashindano lilisema kazi iwe ya mkono wa mtoto peke yake. Katika ufundi wao, anayekosea huandika mwenyewe kabla hajaulizwa. Basi akaandika: alama nyekundu ni yangu, mtoto hahusiki. Akaweka sahihi, akaibana karatasi nyuma ya picha, akaipeleka. Hadi hapo alikuwa mwanamume. Tatizo lilikuja na simu ya saa kumi.

"Umefikisha?"

"Nimefikisha."

"Salama?"

"Salama, mpenzi."

Kesho yake ofisi ilimpigia mwalimu kumwarifu kwamba picha imewekwa kando, ina mkono wa mtu mzima, na waamuzi wangelijadili jambo hilo Ijumaa. Mwalimu alimpigia fundi akiwa amesimama kwenye korido ya shule.

"Umechora juu ya picha ya mtoto?"

"Mkono ulienda wenyewe, nakuapia. Nimewaandikia..."

"Umewaandikia wao! Mimi ukaniambia salama."

"Mwalimu wangu, nisikilize..."

"Mimi siyo Mwalimu wako."

Simu ikakatwa. Siku mbili fundi alipiga, akatuma ujumbe, akapiga tena, mpaka dada yake aliyekuwa akiishi naye akachoka kumwona anazunguka sebuleni.

"Wewe, unamganda mwalimu wa watu wa nini? Umeshamwomba radhi mwenye picha?"

Fundi akatulia. Kweli hilo hakuwa amelifikiria, na aliona haya.

Alhamisi asubuhi alifika shuleni na ovaroli safi aliyoipiga pasi mwenyewe, mkunjo umepita kifuani kwa mshazari. Mwalimu mkuu alimruhusu. Mwalimu wa sanaa alipomwona mlangoni pa darasa, alikunja mikono. Fundi akachutama mbele ya dawati la Chiriku.

"Mimi ndiye niliyeharibu picha yako. Naomba unisamehe."

"Kwa nini uliweka duara?"

"Niliona gurudumu la kushoto halipo."

Chiriku alimtazama kama anayemhurumia. "Lipo. Limeshaingia ndani. La kulia ndiyo linaingia. Ndege hiyo nyeupe hupita juu ya paa letu kila asubuhi tukianika nguo na bibi, na la kushoto hutangulia kila siku. Wewe hujawahi kuiangalia?"

Darasa zima likamgeukia fundi. Ndege hiyo nyeupe ilihudumiwa karakanani kwake, aliijua parafujo kwa parafujo. Lakini alizoea kuikuta imesimama, magurudumu yote chini, na picha ya ndege inayopaa aliikagua kama ndege iliyoegeshwa. Akakumbuka siku wanapoiinua kwa jeki na kuyajaribu magurudumu. La kushoto huingia kwanza, la kulia hufuata.

"Mama yangu!" akasema. "Uko sahihi. Aliyekosea ni mimi, tena mara mbili."

Aliomba karatasi, akaandikia pale pale kwenye dawati, magoti yakigusa kidevu: kasoro niliyoizungushia haipo, mtoto ameona kwa macho yake jambo ambalo mimi fundi sikuliona. Akaweka sahihi. Mwalimu alimsindikiza hadi koridoni.

"Kilichoniuma si duara," akasema. "Ni lile 'salama' lako."

"Niliogopa kukupoteza."

"Utanidanganya hivyo kila ukiogopa?"

"Sirudii. Nikiogopa, nitakwambia naogopa."

Mwalimu alimtazama mkunjo wa pasi kifuani, akauma mdomo asicheke. "Peleka barua kwanza. Hayo mengine tutaona."

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa waamuzi, rubani mstaafu, mama mwenye mvi zilizokatwa fupi, alisimama mbele ya picha ya Chiriku. Barua zote mbili zilikuwa zimebandikwa kando yake, na duara limeachwa kama lilivyo.

"Nimeirusha ndege hii miaka mingi," alisema. "Mtoto huyu ndiye wa kwanza kuichora jinsi inavyopaa hasa. Alama nyekundu si yake, na aliyeiweka amekiri. Ameshinda."

Chiriku, kwa mara ya kwanza maishani, alikosa la kusema. Ilimchukua kama nusu dakika hivi. Kisha akatangaza kwamba atapanda na bibi yake, na kwamba bibi atakaa dirishani la sivyo hapandi.

Jumapili asubuhi, mwalimu na fundi walisimama kwenye uzio wa uwanja, yeye na gauni lake la njano, fundi kola imefungwa mpaka juu. Ndege ndogo, ile ile nyeupe, ikakimbia na Chiriku na bibi yake, ikanyanyuka.

"La kushoto!" mwalimu alipiga kelele akimshika mkono. "Umeona? Limetangulia!"

"Nimeona, kipenzi."

Mwalimu hakumwachia mkono. Kwa mkono wa pili alichomoa kalamu nyekundu kutoka mfuko wa fundi, akajizungushia duara kwenye kidole cha pete.

"Fundi, hapa kuna kasoro. Kuna kitu hakipo. Andika ripoti."

Safari hii fundi hakuandika. "Nataka kukuoa," alisema.

"Uko salama wewe?"

"Siko salama hata kidogo. Naogopa."

Mwalimu akaziba mdomo kwa kiganja, duara jekundu likaonekana, macho yakicheka peke yake.

"Basi nimekubali," akasema.