Saa ya Kupimia Usingizi

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Naapa kwa meno yangu yote, yaliyopo na yaliyonitangulia. Asiyeamini aache kusoma, akaoshe vyombo. Mimi nimestaafu, sina sababu ya kudanganya. Zamani sababu nilikuwa nayo, maana nilikuwa na bosi.

Soko la vipuri vikuukuu hufurika Jumamosi kiasi kwamba unaweza kuingia na shati lako ukatoka na la jirani, tena limefungwa vifungo. Humo ndimo alimokuwa fundi saa mmoja tunayemwita Kibano: mwanamke wa makamo, gauni la kijivu, kandambili miguuni, na lenzi yake ya jichoni ikining'inia shingoni kama mkufu. Alikuwa amechoka. Asubuhi nzima alikuwa amebadilishia betri watu waliongoja saa zao huku wakitazama simu, na miguu ilikuwa ikimsihi arudi nyumbani. Lakini kwenye sinia la muuza vyuma aliona saa iliyokufa, ya ile aina yenye vitufe viwili ubavuni. Saa hizo ukibonyeza kitufe kimoja mshale mrefu unaanza kukimbia, ukikibonyeza tena unasimama, na ukibonyeza cha pili unarudi sifuri. Akanyoosha mkono. Mkono mwingine, mpana, wenye grisi kwenye kucha, ukaishika saa hiyo hiyo.

"Samahani, nimetangulia mimi," akasema mwanamume mwenye mkono huo.

"Umetangulia wapi? Nimeiona tangu niko kule kwenye masufuria."

"Kuona si kushika."

"Unajua hata umeshika nini?"

"Saa."

"Umeshika maiti. Kioo hakuna, uso umeoza, mishale imekatika. Mimi nataka mashine yake tu. Wewe wa nini?"

Mwanamume akashusha pumzi. Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, shati la drafti limekunjwa mikono, macho mekundu kama taa za breki. "Nataka kupima usingizi wangu."

"Unapimaje usingizi?"

"Nikifumba macho nabonyeza, nikifumbua nabonyeza. Nijue kwa wiki nimelala kiasi gani. Nina wasiwasi naibiwa."

Kibano hakuwa amecheka siku nyingi, na kicheko kilipomtoka kilitoka na vumbi.

"Niachie hiyo," akasema. "Nitakuundia nzima, kipande kwa kipande. Mashine ndiyo hii. Vingine uvitafute huko unakopita. Mji huu nimeshaupekua wote."

"Nikivipata?"

"Unaleta kibandani kwangu. Jengo la maofisi, chini ya ngazi, mkabala na lifti mbovu."

"Nikivikosa?"

"Unaleta salamu."

Basi ikawa hivyo. Kila mji aliposhusha mzigo, dereva aliwazungukia mafundi saa na wauza vikuukuu, akarudi na kasha la kiberiti mfukoni, ndani yake kipande kimoja kimelazwa kwenye pamba. Alileta kioo. Alileta uso mweusi wenye vijisaa viwili ndani yake. Alileta nyundo, kijichuma kama ukucha wa kifaranga, ambacho ndicho kinachoupiga mshale ukarudi sifuri. Skrubu moja ilikuwa ndogo hata sisimizi mzee angeweza kutembelea kama bakora. Msinibishie, nimeiona, na sisimizi mwenyewe nimemwona.

Akiwa njiani alipiga simu.

"Haloo, fundi wangu. Nimepata mshale."

"Wa rangi gani?"

"Kwanza hunisalimii?"

"Nimekusalimu kimoyomoyo. Rangi gani?"

"Mwekundu."

"Mrefu?"

"Mrefu kama hasira zako."

"Basi ni mfupi. Urudishe."

"Haya, mrefu kama hii barabara. Mpenzi, hii barabara haiishi."

Alilitupia neno hilo katikati ya sentensi, kama mtu anayepitisha mzigo asikaguliwe. Kibano alilisikia. Hakulikagua.

"Umekula?" akauliza.

"Nimekula vumbi."

"Egesha gari ulale."

Nyumbani kwa Kibano aliishi shangazi yake, bibi ambaye masikio yake husikia sukari ikiyeyuka kikombeni kwa jirani.

"Wenzako wanaletewa manukato," alisema shangazi. "Wewe unaletewa skrubu."

"Ni kazi, shangazi. Yule ni mteja."

"Mteja! Na jana ulivyocheka usingizini, ulikuwa unamwandikia risiti?"

Saa ilikuwa imebakiza kidogo kukamilika siku dereva alipokuja mikono mitupu. Aliketi kwenye kigoda, akaegemeza kichwa ukutani.

"Wamenihamisha," alisema. "Mwisho wa mwezi naanza njia ya kaskazini. Hapa sitapita tena."

Kibano alikuwa amekishika kibano chake, na mshale mwekundu umo ncha kwa ncha. Hakutikisika. "Saa itakuwa tayari."

"Nazungumza habari zangu, wewe unazungumza habari za saa."

Alitaka kumwambia abaki. Lakini tangu aliyekuwa mumewe alipofunga sanduku akaondoka, kila aliyemzoea alikuwa na safari, na ulimi wake ulikuwa umechoka kuomba. "Nipitishie hiyo taa," akasema.

Dereva akampitishia, akaaga.

Juma lililofuata ukaingia ujumbe: *Kesho 4:00 nitakuwa kibandani kwako. Vaa vizuri. Nina neno.*

Sasa, simu unazijua. Sisi tukisema saa nne asubuhi, zenyewe zinaandika kumi. Tukisema saa kumi jioni, zinaandika nne. Kibano ni mtu wa saa, hakuhitaji kuhesabu vidole. Nne ya simu ni saa kumi jioni. Asubuhi hakufungua kibanda. Aliiacha simu nyumbani ichaji, akaenda saluni, akasinzia chini ya kikaushio, kisha akapitia kwa mshonaji kuchukua gauni la bluu alilolitundikisha huko tangu mwaka jana kwa kukosa pa kulivalia. Kabla ya saa kumi alikuwa ameketi mbele ya kibanda, nywele zinang'aa, saa iliyokamilika imo kisandukuni mapajani.

Watu wa maofisi wakashuka ngazi. Wengine wakamsifia gauni. Mfagiaji akapita na ndoo yake, akamwomba anyanyue miguu. Mlinzi akaanza kuzima taa, ghorofa kwa ghorofa, mpaka akafika chini.

"Unangoja mtu, dada?"

"Hapana," akasema Kibano. "Napumzika tu."

Hakupiga simu. Alikuwa amechoka kuwapigia watu. Na tangu jioni ile dereva naye hakupiga. Gauni likarudi kwenye msumari, saa ikakaa kwenye meza, ikitiwa ufunguo kila asubuhi na mtu asiyeitazama.

Mwezi ulipofika ukingoni shangazi akavunja ukimya. "Mpelekee saa yake. Kazi ya mtu haikai ndani kama mgeni asiyeaga."

"Nitampa, na sitasema neno."

"Wewe? Hilo nakuamini."

Alikwenda yadi ya malori asubuhi, katika gauni lile lile la kijivu. Alilikuta lori, akapanda, akafungua mlango. Dereva alikuwa amelala kichwa juu ya usukani, mdomo wazi. Kibano alikusudia kuweka kisanduku juu ya dashibodi na kushuka. Lakini jicho la fundi halina likizo: saa ya gari ilikuwa ikiandika 4:20, na nje jua lilikuwa la saa nne asubuhi. Akachomoa bisibisi.

"Unaniibia saa?" Dereva alikuwa amefumbua jicho moja.

"Naitengeneza. Imepotea. Inasema saa kumi na dakika ishirini."

"Inasema saa nne na dakika ishirini."

"Hiyo ni nne."

"Ndiyo. Saa nne. Niliiseti mwenyewe iseme ninavyosema. Nikiwa na usingizi siwezi kuanza kutoa sita. Ya simu pia nimeifanya hivyo hivyo."

Bisibisi ikabaki hewani.

"Ule ujumbe wako," Kibano akasema polepole. "Ile nne."

"Nilifika saa nne asubuhi, na shati jipya. Nikakuta kufuli."

"Nilikuwa saluni! Nimekungoja tangu saa kumi jioni mpaka mlinzi akanizimia taa!"

Dereva akafumbua na jicho la pili.

"Lakini nilipiga simu," akasema. "Akapokea mama mmoja. Akaniambia umekwenda kujipamba, una miadi na mwanamume wa maana. Nikasema, basi, wa maana kapatikana."

"Mwanamume wa maana ni wewe, mjinga wangu wee! Shangazi! Na hakuniambia hata nusu neno!"

Walicheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa kimechoka, kikaishia njiani.

"Na neno lenyewe?" akauliza Kibano.

"Lilikuwa refu. Nilikuwa nimelikariri tangu mpakani. Sasa limebaki kipande." Dereva alijifuta uso kwa kiganja. "Nimechoka, fundi. Nataka niwe nachokea kwako."

"Mimi pia nimechoka. Hatutakuwa na wa kumbeba mwenzake."

"Tutakaa chini wote wawili."

"Na njia ya kaskazini?"

"Nitakwenda, nitarudi. Ila nataka nikisema narudi, kuwe na mahali."

"Kwangu kuna shangazi."

"Atatupokelea simu."

Hapo Kibano akaangua kilio. Machozi yalimtiririka yakajaza sakafu ya lori, yakamwagika mlangoni, vumbi la yadi nzima likawa tope, na madereva wengine wakawasha waipa wakidhani mvua imeingia.

Nilipofika hapo kuandika nikaona nimsomee Kibano mwenyewe. Nikasoma kwa sauti, pale chini ya ngazi, mbele ya mlinzi, mfagiaji na wateja wawili. Kibano hakuitoa hata lenzi jichoni.

"Futa," akasema.

"Nifute nini, binti yangu?"

"Mimi sikulia. Ulikuwepo?"

"Nilielezwa..."

"Ulielezwa na nani? Mimi macho yalikuwa makavu kama haya. Aliyelia ni yeye. Alilia mpaka nikamshikia usukani."

Mfagiaji alicheka akaangusha ufagio. Mlinzi akasema mzee kanaswa, na mzee akinaswa chai ni juu yake, ya korido nzima. Nikajaribu kusema tumuulize mwenyewe dereva. Lakini dereva alikuwa nyuma ya kibanda, amelala kwenye kiti, mkono umeangukia mapajani, na saa yenye vitufe viwili inakimbiza mshale wake mwekundu.

Nikanunua chai ya wote. Kibano alikifunika kikombe cha mumewe kwa kisahani, akanitazama kwa jicho lile lisilo na lenzi, akaniambia nipunguze sauti.