Faili Alizozing'oa Nelima

Kila asubuhi ya likizo Nelima aliamka akiwa vitani, na adui yake alikuwa uchafu. Kabla mama yake, Edinah, hajafungua duka lao la uchapishaji mjini Kitale, msichana huyo wa Gredi ya Saba alikuwa ameshafagia, ameshapangusa kaunta na kunusa kila kona. Na kila siku alipata cha kumfanya akunje uso. Kulikuwa na wateja waliolamba kidole kabla ya kufunua karatasi. Kulikuwa na mwingine aliyekula mandazi huku akichapiwa barua, akaacha mafuta mezani na makombo katikati ya vitufe vya kibodi. Nelima aliyachokoa kwa kijiti, midomo ameibinua.

"Ati watu wazima wanakula hivi? Mama, si uwaambie wanawe mikono kwanza?"

"Nikiwaambia watahamia duka la jirani," Mama akajibu. "Wewe panguza tu."

Hata vyakula vingine vilimtia kinyaa, mrenda hasa. Ule utelezi wake! Msimu uliopita, walipokwenda kupalilia mahindi nyumbani kwao Kanduyi, pembeni mwa mji wa Bungoma, Nelima aliung'oa mrenda wote uliojiotea katikati ya mistari, akautupa pamoja na magugu. Kwao mtu akipalilia huuacha, kwa sababu hiyo ndiyo mboga ya jioni. Jirani yao mzee, Robai, ambaye watoto wote pale walimwita Kukhu, yaani nyanya, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mjukuu wangu, umetupa mboga yote bana! Si ungeuliza?"

Sasa Kukhu Robai alikuwa amefariki. Mazishi yalikuwa Jumamosi, huko huko Kanduyi. Mwanawe, Walubengo, aliyekuwa mkulima hapa Kitale, alimpa Edinah kazi ya kutayarisha programu ya mazishi na picha kubwa ya kutangulia mbele ya jeneza. Picha yenyewe ilikuwa moja tu duniani. Kukhu alipigwa picha hiyo akiwa msichana, amesimama kando ya baiskeli, lakini ukungu ulikuwa umeila na kuigandisha kwenye kioo cha fremu. Edinah aliiskani ikiwa ndani ya kioo hicho hicho. Bahati njema, maana Walubengo alipojaribu kuibandua baadaye ilichanika vipande vipande. Edinah akakaa mbele ya kompyuta akiondoa ukungu, doa moja baada ya jingine, mpaka uso wa Kukhu ukatokea. Nje ya kompyuta hiyo, picha haikuwepo tena popote.

Alhamisi jioni Mama alitoka kwenda kununua karatasi, Nelima akabaki dukani. Kompyuta ilikuwa ya zamani, na siku hizo ilisuasua. Nelima akaamua kwamba hata yenyewe ilihitaji kufagiliwa. Akafungua folda moja, kisha nyingine ndani yake, na nyingine tena, mpaka akafika mahali ambapo hakuwahi kufika. Lo! Mamia ya faili, kila moja na jina lisilosomeka, herufi na tarakimu zimerundikana ovyo. Hakuna hata moja iliyokuwa barua ya mteja wala picha ya mtu.

"Takataka gani hii?" akasema kwa sauti. "Mama hajawahi kuandika vitu kama hivi."

Akaanza kufuta. Kompyuta ilimuuliza kama alikuwa na uhakika, akabonyeza ndiyo. Faili nyingine zilikataa kabisa kufutika; zilizokubali akazifuta. Halafu, kwa kuwa yeye hakuwa mtu wa kulaza taka ndani ya pipa, akalimwaga pipa la kompyuta lote. Akaizima, akapangusa kioo, akajisikia vizuri sana.

Asubuhi iliyofuata Mama aliiwasha ili achapishe kazi ya Walubengo. Kioo kilibaki cheusi. Yakatokea maandishi meupe machache, yakisema kwamba faili ya mfumo haipatikani. Mama akazima, akawasha tena. Maandishi yakawa yale yale. Walubengo alikuwa amesimama kwenye kaunta, kofia mkononi.

"Mama Nelima, iko tayari?"

"Ngoja kidogo," Mama akasema, akabonyeza kitufe cha kuwasha mara ya tatu.

Wakamwita Chepngeno, mwanamke aliyetengeneza kompyuta mtaa wa pili. Chepngeno hakuwa na maneno mengi ya upole. Alichomoa nyaya, akalilaza sanduku la kompyuta mezani, akafungua skrubu za ubavuni na kuvuta kifuniko.

Harufu iliyotoka pale ilimfanya Walubengo arudi nyuma. Ndani kulikuwa na kiota cha panya, maganda ya mahindi, nyuzi za gunia, vipande vya karatasi vilivyotafunwa na kinyesi cheusi kilichotapakaa. Mende wawili walitimua mbio. Panya mwenyewe alikuwa amekauka kwenye kona, meno nje. Nelima aliziba pua na mdomo. Kwa muda wote huo alikuwa akipangusa nje ya kitu kilichokuwa kikioza ndani!

"Woi! Mmefuga humu?" Chepngeno akauliza.

"Basi ni yeye," Walubengo akasema akimwonyeshea panya kidole. "Huyu ndiye ameharibu."

"Mnyama mbaya huyu!" Mama akadakia.

"Ndiyo, ni panya," Nelima naye akasema upesi. Maneno hayo yalimwachia uchungu mdomoni, lakini yalikuwa yameshatoka.

Chepngeno alimtoa panya kwa kipande cha gazeti, akamweka karibu na mlango. Akasafisha vumbi kwa brashi, akakagua kila waya kwa tochi. Hakuna uliotafunwa. Akafunga, akaiwasha. Maandishi meupe yakarudi pale pale. Akaizima mara moja.

"Panya alikuwa analala tu hapa," akasema. "Sasa nisikilizeni. Faili za mfumo ndizo zinazoiamsha kompyuta. Zikikosekana, haiwezi kuamka. Na zinapotea kwa njia mbili. Labda diski inakufa, labda mtu amezifuta. Kama zimefutwa, ninazirudisha leo leo. Lakini kama diski inakufa, sitaki hata kuiwasha tena, kwa sababu nikiilazimisha itakufa na picha yenu ndani. Hiyo nitaipeleka Eldoret kwa wenye vifaa, irudi wiki ijayo. Kwa hivyo niambieni, kuna mtu aliingia kwa mafaili?"

"Mimi sikuingia," Mama akasema. "Nelima?"

Nelima alitazama sakafu aliyoifagia mwenyewe. "Sijagusa kitu."

"Basi ni diski." Chepngeno akachukua bisibisi.

Walubengo akaketi kwenye benchi ya wateja. Alikuwa mtu mkubwa, na benchi ikalia. "Kwa hivyo kesho tutamzika Mama bila uso wake," akasema polepole. "Wajukuu wengine hawakumwona kamwe. Nilitaka wamwone."

Nelima akageuka ili asimtazame, macho yake yakaangukia lile gazeti mlangoni. Panya alikuwa na sura ya kuchukiza, lakini hakuwa amefuta kitu wala kudanganya mtu. Yeye Nelima, msafi wa wasafi, ndiye aliyemsingizia mzoga. Kinyaa kikampanda, na safari hii kilikuwa kinyaa cha nafsi yake mwenyewe.

"Usiichomoe!" akapaza sauti. "Si diski. Ni mimi. Jana nilifuta mafaili mengi, yale ya majina mabaya. Nilidhani ni uchafu. Nikamwaga na pipa."

Mama akamgeukia.

"Ulifuta kutoka folda gani?" Chepngeno akauliza. Nelima akamweleza njia yote aliyopita, folda kwa folda. "Na siku za nyuma, ilikuwa inalia ndani? Kra, kra, kra?"

"Hapana. Ilikuwa inachelewa tu."

"Sawa. Diski ni nzima." Chepngeno akarudisha bisibisi mfukoni na kutoa flashi. "Humu kuna mfumo mzima, haujaguswa na wasafi. Tutaiamsha kwa hii."

Kompyuta ikawaka kwa flashi. Kabla ya jambo lolote jingine Chepngeno alitafuta picha, akainakili mahali salama. Kukhu Robai akatokea kiooni na baiskeli yake, anacheka. Walubengo alijifuta macho kwa kofia. Kisha Chepngeno akaiamuru kompyuta ikague faili zake za mfumo na kujaza zilizokosekana. Ilikwenda polepole hata wakachoka kuitazama, lakini ilipozimwa na kuwashwa bila flashi, iliamka yenyewe. Mashine ya kuchapisha ikaanza kutoa karatasi.

"Kuna kazi imebaki," Mama alimwambia Nelima, akimwonyesha gazeti mlangoni. Nelima alikwenda kumzika panya nyuma ya duka, akitema mate njia nzima. Hakuthubutu kulalamika.

Jumamosi, huko Kanduyi, mjukuu mmoja wa Kukhu alitangulia mbele ya jeneza akiwa ameishika picha kifuani, na watu wakawa wananong'ona, "Kumbe alikuwa hivi!" Baada ya maziko waombolezaji walipakuliwa chakula. Nelima aliletewa ugali na mrenda. Mama akaketi kando yake.

"Usafi wako ninaupenda," Mama akasema. "Lakini sasa umeng'oa mrenda mara mbili, mara ya kwanza shambani, mara ya pili kwenye kompyuta. Kitu kikikuchukiza, haimaanishi kwamba hakina kazi. Usichokijua uulize kwanza, ndipo ukiguse. Na ukikosea, sema papo hapo. Ungenyamaza jana, yule mzee angemzika mama yake bila picha, kwa sababu ya aibu yako ndogo."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Na kwa Walubengo?"

Nelima alikwenda kuomba radhi, akarudi kwenye sahani yake. Alichovya tonge, akalitia mdomoni. Mrenda uliteleza kooni vibaya vile vile, akafumba macho, akameza.

"Mama," akasema alipoyafumbua, "huu nao huwa unapikwaje?"