Mkono wa Nne

Ilikuwa sauti ya gari, na Elsie alipoisikia hakushtuka, kwa sababu siku hizo malori ya askari yalipita Voi usiku kucha kwenda kambi ya wafungwa ya Manyani na watu wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, walikuwa wameshazoea kulala nayo. Kilichomfumbua macho ni kwamba hii ilikuwa ndogo. Ndogo kama nyuki ndani ya kibuyu. Injini inaguruma, inabadilisha gia, inakwama, inajikaza tena, lakini yote hayo yanatokea chini, sakafuni, kati ya kitanda na mkeka aliolala mtoto.

"Baba Wakio. Unasikia?"

"Malori hayo."

"Malori gani yanapita ndani ya nyumba?"

Danson akageukia ukutani. Sauti ikanyamaza mara moja, kama mtu aliyegundua kuwa anasikilizwa. Ikabaki harufu, ya petroli na ya mpira unaoungua, na Elsie akamnyanyua binti yake, ambaye hakuwa ametimiza hata mwaka, akamkumbatia hadi kukapambazuka.

Asubuhi sakafu ilikuwa safi. Ila kiganja cha kulia cha mtoto kilikuwa na rangi nyeupe.

"Umemshikisha mtoto rangi zako," Elsie alisema.

"Mimi? Kopo nililifunga na kitambaa juu. Si wewe ndiye unayependa kufunuafunua vitu vyangu?"

Basi wakaanza kutazamana kwa pembe ya jicho, watu wawili wa kitanda kimoja.

Danson alikuwa mpaka rangi wa reli. Namba zote mnazoziona kwenye mabehewa, herufi zimenyooka kana kwamba zimepigwa chapa, ni mkono wake. Kwa ajili ya mkono huohuo alitafutwa na Mzungu mmoja mzee aliyeishi peke yake kando ya shamba la mkonge, watu wakimwita Bwana Miwani. Bwana Miwani alipigana katika nyika hii wakati wa vita vya Wajerumani, na sasa katika uzee wake alikuwa akitengeneza magari ya vita, madogo, ya bati na mbao, yamepunguzwa kwa kipimo hadi gari zima la deraya linakaa juu ya sahani ya chai, na taa zake, na misumari yake, na mlango unaofunguka. Asichoweza ni alama. Mikono ilimtetemeka. Na kila gari lilikuwa na alama zake, zisizouzwa dukani kokote.

Ndipo Danson akawa anazitengeneza nyumbani, jioni akitoka kazini. Anapaka karatasi gundi ya mgunga iliyochanganywa na wanga, anaiacha ikauke, anachora juu yake, anapitisha varnishi, anakata. Ukitaka kubandika unaiweka karatasi majini kidogo, gundi inalegea, na ile alama inaachana na karatasi na kuteleza kama utando wa maziwa. Unaisukuma kwa ncha ya kidole mpaka mahali pake juu ya bati, unaikandamiza, maji yanatoka. Ikishashika, imeshika. Elsie alipenda kumtazama akifanya kazi hiyo. Alipenda, mpaka lilipokuja lile gari la mikono.

Lilikuwa gari lililoingia porini upande wa Maktau na halikurudi. Askari wake, kabla ya kuondoka, walichovya mikono katika chokaa wakaipiga mlangoni, kwa mchezo tu. Bwana Miwani alitaka mikono hiyo mlangoni mwa gari lake la bati, kila mmoja usizidi punje ya mahindi.

"Mitatu," alimwambia Danson. Akarudia akiwa ameshampa mgongo, "Watu walikuwa watatu."

Danson akachora mitatu. Asubuhi karatasi ilikuwa na minne. Akaukwangua ule wa nne kwa wembe, na kesho yake ukawa umerudi palepale, mdogo kuliko wenzake, mnene wa vidole, mkono wa mtoto. Akamshuku mkewe, maana Elsie alikwenda shule na mwandiko wake ni mzuri. Elsie naye akamshuku mumewe, maana ni nani mwingine Voi nzima anayeweza kuchora vidole vitano ndani ya punje ya mahindi? Na kama ni yeye, kwa nini? Anataka kumtisha arudi kwao? Yuko mwanamke mwingine? Akaanza kunusa mashati yake. Yalinuka varnishi, na chini ya varnishi, moshi.

Kisha sauti ikaja mchana. Elsie alikuwa akifua, jua limesimama utosini, akaisikia ikiguruma ndani ya nyumba alimomwacha mtoto, na miguu ikaanza kumtetemeka, kisha mabega, kisha meno, akaanguka kando ya karai. Mama mkwe wake Jerusha, aliyekuwa ameshuka kutoka Chawia kumsaidia kulea, alimkimbilia, na majirani nyuma yake. Jerusha alimtazama, akapiga makofi.

"Ni saka hii."

Saka wanaijua wanawake wote wa milimani. Mwanamke husikia kitu au hukiona, kikamkaa moyoni bila yeye kujua, akawa anatetemeka mpaka mume ampe hicho anachokitamani.

"Mama, mimi sitamani kitu," Elsie alisema, meno yakigongana. "Naogopa."

"Ndivyo sote tulivyosema. Mimi niliitetemekea kofia ya baba yake Danson mwezi mzima, nikiapa siitaki, na nilipovikwa nikacheza hadi jua likazama."

Wanawake wakacheka. Danson aliporudi kutoka kazini wakamzunguka mlangoni.

"Haya bwana, mkeo anasikia gari. Mpe gari!"

"Gari nilitoe wapi? Niibe treni?"

"Si lipo lile la Mzungu wako? Lilete hapa alishike, apone. Au unamwonea choyo mwanamke aliyekuzalia?"

Elsie alilia. Alimshika Jerusha kanga, akamwambia, mama, lisiletwe, chochote kile lakini hilo lisiingie humu. Na kadiri alivyolia ndivyo walivyozidi kusadiki, kwani saka ndivyo ilivyo, mgonjwa hukataa kwa mdomo kile ambacho mwili unakidai. Kesho yake asubuhi Danson akaenda. Akamwambia Bwana Miwani kuwa alama atazibandika vizuri zaidi akiwa nyumbani, mezani kwake, akarudi na gari ndani ya sanduku la viatu.

Walimkalisha Elsie kwenye kigoda. Wakamwekea gari magotini, baridi, zito kuliko bati linavyopaswa kuwa zito, wakaanza kuimba. Danson akaona afadhali amalize kazi papo hapo, gari lirudi kwa mwenyewe. Akalowesha mkono wa kwanza, ukateleza, akaukandamiza mlangoni. Wa pili. Wa tatu uliposhika tu, wimbo ulikatika, kwa sababu injini ilikuwa imewaka, safari hii si kwa Elsie peke yake bali kwa kila aliyekuwa chumbani, mchana, dirisha wazi, ikaguruma ndani ya kile kibati kisicho na injini hadi vikombe vikagongana kabatini, na moshi usioonekana ukawajaa puani, na chini ya ule mngurumo kukawa na kitu kinachogonga, kinagonga kwa ndani, kama viganja juu ya chuma cha moto, na kile kimlango kidogo, ambacho hakuna aliyekigusa, kikafunguka taratibu na kubaki wazi kuelekea alipolala mtoto.

Majirani hawakuaga.

Wakio hakulia. Alikuwa amenyoosha mkono wa kulia hewani, na katika kiganja, hapo palipokuwa na doa la rangi, sasa palikuwa na mkono mweupe mdogo kuliko punje, umetimia vidole vyote. Mwili wake ulikuwa wa baridi. Akakohoa, na pumzi yake ikanuka mpira ulioungua.

Elsie alimfunga mgongoni akakimbia hadi stesheni bila viatu, akamtafuta Mbeyu. Mbeyu alikuwa mwanamke wa Mata, akileta ndizi Voi kwa treni ya Taveta, na akina mama walinong'onezana kuwa mambo ya majini na pepo anayajua kuliko ndizi. Mbeyu alimtazama mtoto mara moja tu, akafunika mikungu yake kwa gunia.

"Twende. Na kama mumeo ana tabia ya kudanganya, mwambie leo apumzike."

Njiani Elsie alimsimulia habari ya gari na askari wake. Ndani ya nyumba Mbeyu hakuligusa gari. Alikaa chini, akamgeukia Danson.

"Ulichorea nini?"

"Brashi."

"Brashi ya manyoya gani, baba?"

Elsie akamwona Danson akitazama mlango, na shuku zake zote zikakusanyika mahali pamoja.

"Danson. Nywele za mtoto ziko wapi?"

Kwa maana Wakio aliponyolewa nywele za kwanza, nywele alizozaliwa nazo, Jerusha alizifunga kitambaani akampa mwanawe akazifukie mahali pasipojulikana na mtu.

"Nilizifukia," Danson alisema kwa sauti ndogo. "Ila chache nilibakiza. Hakuna manyoya laini kama yale, mama. Mkia wa ng'ombe hauwezi kuchora kidole."

Jerusha akajifunika uso.

"Mpumbavu wewe," Mbeyu alisema, bila hasira. "Umemwandika mwanao kwa nywele zake mwenyewe. Sasa nieleze. Hao askari wa gari walikuwa wangapi?"

"Watatu. Bwana alisema mara mbili."

"Nani hurudia jambo ambalo hakuulizwa?"

Danson akafikiri. "Kuna picha. Aliniachia niangalie mlango ulivyokuwa. Wanaume watatu wamesimama kando ya gari, lakini picha imekatwa kwa mkasi. Ukingoni kumebaki kiwiko."

"Na kiwiko kina mwenyewe." Mbeyu akashusha sauti, wote wakasogea. "Sikilizeni. Wale wa porini walishaungua, wamelala zao. Lililo humu ni jini lililoingia ndani ya lile gari lilipokuwa bado la moto, likalivaa, likakaa. Mikono mitatu linayo. Linamdai wa nne, yule aliyetoka akawafungia wenzake mlango au aliyekimbia, mimi sijui, Mungu ndiye ajuaye. Lisipompata mwenyewe litamchukua aliyechora. Na aliyechora si huyu mwanamume. Ni huyu mtoto."

"Tutafanyaje?" Elsie aliuliza.

"Kilichokuja kwa maji kitaondoka kwa maji."

Wakaleta sahani. Mbeyu akakizamisha kiganja cha Wakio, akasoma maneno yake, Kiarabu kidogo na Kitaveta kingi, na ule mkono mweupe ukalegea. Ukaelea. Akampa Elsie ncha ya kanga iliyolowa. Elsie akausukuma, akiwa ameziba pumzi, kutoka kwenye nyama ya mwanawe hadi kwenye bati, mahali pa nne palipokuwa wazi.

"Usiukandamize!" Mbeyu alisema. "Atakayeukandamiza ni wake. Udondoshee maji, usikauke. Ukikauka bila mtu, unarudi kwa mtoto. Na sasa mwiteni mwenye gari."

Danson alisimama lakini hakutoka. "Ni mzee," alisema. "Anaishi peke yake."

"Ni mtu, Elsie," Jerusha alisema chini chini. "Tutamjibu nini Mungu?"

"Na huyu ni nini?" Elsie alimnyanyua Wakio, shingo imelegea, midomo ya kijivu. "Mama, huyu ni nini?"

Danson akachukua baiskeli.

Elsie alimfunga tena mtoto mgongoni, akabaki akidondosha maji. Jua la Voi lilikuwa kali na bati la gari lilikuwa na joto lake, tone likianguka linakauka, anadondosha jingine, na kila mara kingo za ule mkono zilipoanza kunyauka mtoto alikohoa. Alimshuku Danson wakati wote huo. Atamwambia yule mzee. Atamhurumia, anampenda kwa kuwa alimsifu kazi yake. Watakuja na polisi. Hawatakuja kabisa.

Wakaja. Bwana Miwani aliingia ameinama, kofia mkononi, mzee kweli, shati limefungwa vifungo visivyolingana. Danson alibaki nje, hakutazama ndani. Mbeyu alikuwa amekwisha kuketi pembeni, mtu wa ndizi tu.

"Gari tayari?"

"Tayari, Bwana," Elsie alisema. Alisikia sauti yake ikitoka nzuri, ya adabu, kama alivyofundishwa shuleni. Akalinyanyua kwa mikono miwili, upande wa mlango ukielekea nje. "Ni zito. Shika hapa ubavuni, kwa kiganja chote."

Akashika.

Hakukuwa na sauti yoyote. Mzee alisimama tu, kisha akaliweka gari mezani polepole, akakifungua kiganja chake na kukitazama kwa muda mrefu, akavua miwani, akakitazama tena. Mgongoni mwa Elsie kitu kikatikisika, joto likaenea, na Wakio akalia kilio kikubwa cha njaa ambacho mama yake hakuwahi kusikia kizuri kama hicho.

Bwana Miwani hakuuliza ni nini ule mkono mweupe kiganjani mwake. Akaangalia mlango wa gari, mikono mitatu, na mahali pa nne patupu.

"Nani alisema sisi nne?"

Elsie akatikisa kichwa.

"Mimi toka kwa sababu ya moto," mzee alisema. "Moto kubwa. Wewe sikia? Miaka yote hii hakuna mtu najua. Wewe usiambie mtu. Mtu mwingine hapana. Ahidi mimi."

Elsie alimwona jinsi alivyokuwa amekikunja kile kiganja kifuani kama mtu aliyeungua. Maji yalikuwepo bado sahanini, na kwa neno moja angeweza kumwambia, Bwana, kiweke humu haraka kabla hakijakauka. Alitazama sahani. Akamhamisha mtoto kutoka mgongoni hadi mbele, akamfunika uso kwa kanga ili mzee asimwone.

"Sitamwambia mtu mwingine yeyote, Bwana," alisema. "Naahidi."