Mpangaji wa Chumba Kisicho na Mlango

Hebu nisaidie kuona picha moja. Ni Jumapili, saa nane mchana. Jua limejaa barazani, sufuria zimeinamishwa zikauke, na mwanamke mmoja amepiga magoti ndani ya stoo ya nyumba yake, anafuta vumbi kwenye kompyuta ya zamani, zile zenye kisogo kikubwa, plastiki yake imegeuka manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Anacheka peke yake. Ukishaiona picha hiyo ishike vizuri, kwa sababu huyo ni mdogo wangu, na baada ya kicheko kile hakucheka tena mchana kutwa.

Mdogo wangu ni seremala. Kazi yake kubwa ni milango: anaranda mbao, anaunga fremu, anapiga bawaba na kitasa, na kila mlango wa nyumba ile umetoka mikononi mwake. Anaishi na mama. Mama humwita Kitinda, kwa kuwa yeye ndiye wa mwisho kuzaliwa. Mimi huniita Mwalimu, siku nyingine kwa heshima, siku nyingine kwa kunisuta, maana nimefundisha darasa la kwanza miaka ishirini na bado naongea na watu wazima kana kwamba wote wanasubiri kengele.

Kompyuta ile baba aliipata ofisini kwao walipokuwa wakibadilisha mashine. Ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu, wa kuigiza maisha. Unajenga nyumba, unaitazama kwa juu kana kwamba paa limefunuliwa, unamweka mtu ndani, kisha saa inaanza kutembea naye anaishi. Anapika. Analala. Anakwenda kazini na kurudi. Watu wa mchezo ule hawakusema maneno. Mmoja akitaka kitu, kiputo kilimtokea juu ya kichwa na picha ndani yake: kitanda, sahani, glasi ya maji. Tena kulikuwa na sharti moja, na hili naomba uliweke akilini. Saa ikiwa inatembea, huwezi kujenga wala kubomoa. Lazima kwanza uisimamishe, kwa kubonyeza kitufe chenye mistari miwili.

Mtu wetu tulimwita Mpangaji.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, mdogo wangu minane, siku nilipotaka kumwonyesha ujanja. Nilimwingiza Mpangaji chumba cha nyuma. Nikasimamisha saa, nikaondoa mlango, nikaweka ukuta mahali pake. Nikaiachia saa. Mpangaji akazunguka. Akagonga huku, akagonga kule. Mwisho akainua uso akatutazama, akapunga mikono yote miwili. Mimi nilicheka hadi mbavu zikauma. Mdogo wangu alilia. "Mrudishie mlango wake, dada. Mrudishie." Nikamwambia asiwe mjinga, ile ni picha tu. Mama akaita tukale. Nikahifadhi mchezo, nikazima. Wiki ile ile kitu kikaungua ndani ya mashine, ikatupwa stoo, na ukuta ule ukabaki nilivyouacha, miaka ishirini na saba.

Jumapili ile ya kufuta vumbi ndipo tukamwita jirani yetu, fundi wa kompyuta. Mtaa mzima unamwita Waya.

"Mama, hii mashine ni rika langu," alimwambia mama, bisibisi ikiwa mdomoni.

"Basi ina bahati," mama akamjibu. "Yenyewe ilipata mtu wa kuifunika." Akajizoazoa akaenda chumbani kwake kujinyoosha, akatuachia agizo la maji ya kunywa, ambalo sote wawili tulilisahau.

Waya alibadilisha hiki, akapuliza kile. Taa ya kijani ikawaka. Akakaa akisoma maandishi kwenye kioo cha mashine, kisha akakuna shingo.

"Mwalimu, ulisema haijawashwa miaka mingapi?"

"Ishirini na saba."

"Mbona yenyewe inasema haijawahi kuzimwa?" Akacheka kidogo. Lakini alikusanya vitu vyake kwa haraka, akaaga akiwa tayari mlangoni, na bisibisi mbili akazisahau sakafuni.

Tukavuta viti. Mdogo wangu akashika kipanya, mchezo ukafunguka.

Nyumba ya kwenye kioo haikuwa ile tuliyoijenga zamani. Ile ilikuwa na vyumba vitatu na sakafu ya bluu. Hii ilikuwa na baraza lenye vidato viwili, cha kushoto kimepasuka, kama baraza letu. Jikoni kulikuwa na sufuria zilizoinamishwa. Kwenye stoo walikaa wanawake wawili, viti vimeshikana, mbele ya meza ndogo yenye kitu cha manjano. Nilisogeza mguu wangu wa kulia. Mwanamke mmoja kwenye kioo akasogeza wake.

"Dada," mdogo wangu akanong'ona. "Nyuma ya stoo hakuna chumba. Kuna uwanja tu."

Kwenye kioo kilikuwepo. Chumba kimoja chembamba, kimegandana na ukuta wa stoo, hakina dirisha, hakina mlango. Ndani yake alisimama Mpangaji. Chini ya kioo, saa ya mchezo ilionyesha siku ya elfu tisa mia nane na sitini. Aliinua uso akatutazama. Safari hii hakupunga mikono.

Kisha nikaona chumba cha mwisho wa ujia. Kitanda. Juu ya kitanda, bibi kizee mdogo kama kidole amelala chali. Kiputo kilikuwa juu yake, na ndani ya kiputo glasi ya maji. Nikatafuta mlango wa chumba kile. Nikautafuta tena, polepole, kama ninavyowafundisha watoto kutafuta kosa kwenye hesabu.

Sauti ya mama ikaja kutoka mwisho wa ujia, tulivu kabisa. "Kitinda! Mlango wangu umeupeleka wapi tena? Umeuranda juzi tu."

Tulikimbia. Mwisho wa ujia palikuwa na ukuta. Umepakwa rangi ile ile ya krimu, una mikwaruzo ya viti kama kuta nyingine, umezeeka kama wenzake. Mdogo wangu alizunguka nje mbio, akarudi akihema. Na dirisha halikuwepo.

"Mama, kaa kitandani," alisema, mdomo karibu na ukuta. "Usiongee sana. Nakuja."

"Hewa nzito humu," mama akasema. Sauti ilikuwa imepungua.

Mdogo wangu alirudi na nyundo kubwa na tindo. Akapiga. Lipu ikamwagika, tofali likapasuka. Akageuka kutema vumbi. Alipotazama tena, ukuta ulikuwa mzima. Rangi haikuwa na hata ufa. Akapiga tena. Ukajiziba. Akapiga mara ya tatu.

"Ni Mpangaji," nikasema. "Tumwombe radhi. Labda ndicho anachotaka."

Alinitazama kwa macho mekundu ya vumbi. "Amfungie mama yangu, halafu mimi ndiye niombe? Siombi!" Akaupiga ukuta kwa kiganja. "Unasikia? Wewe ziba, mimi nabomoa. Tutaona nani ana mikono."

Akainua nyundo. Ng'ambo ya ukuta mama alikohoa mara moja, kisha kimya.

Nikakumbuka sharti. Saa ikiwa inatembea, huwezi kujenga wala kubomoa.

Nilirudi stoo mbio. Bibi wa kwenye kioo alikuwa ameketi, mkono kooni. Mpangaji alikuwa ametazama juu vilevile, na sasa naye alikuwa na kiputo. Ndani yake mlango. Mlango wa kawaida, wa mbao. Nikabonyeza kitufe chenye mistari miwili.

Nyumba ikanyamaza. Jokofu likaacha kunguruma. Kutoka pale nilipokaa niliona bomba la jikoni, na tone moja la maji lililotoka lakini halikuanguka.

"Piga sasa!"

Alipiga. Nikasikia tofali likianguka. Likabaki chini. La pili. La tatu. Alipiga kama mtu anayedai haki yake, na kwa kila pigo alitamka neno moja. Mama. Yangu. Mama. Yangu. Shimo lilipomtosha akaingia, akatoka, akapita mbele ya stoo akiwa amembeba mama mgongoni. Mama alikuwa macho wazi, mdomo wazi katikati ya neno, mwili wake mgumu kama ubao. Hakuwa anapumua. Hakuna kilichokuwa kinapumua mchana ule isipokuwa sisi wawili.

Alimlaza barazani. Kwenye kioo, bibi yule akatokea barazani.

Nikapeleka kidole nianzishe saa. Mdogo wangu, aliyekwisha kurudi stoo, akanishika kifundo cha mkono. Alikuwa mweupe kwa vumbi tangu nywele hadi miguu, nyundo bado mkononi.

"Bado. Mwekee mlango wake kwanza."

"Si umesema huombi?"

"Siombi. Wala simwogopi. Lakini nililia siku ile, dada, nikakuambia umrudishie. Hukunisikiliza. Leo utanisikiliza."

Miaka ishirini nimewaambia watoto wa watu kwamba aliyekosea arekebishe, na mimi nilikuwa na kosa limesimama wima ndani ya ukuta.

"Akitoka, atatokea humu," nikanong'ona. "Chumba chake kimepakana na stoo tu. Mlango utakaa hapa, nyuma ya meza."

"Atoke. Mimi nipo hapa na nyundo yangu."

Nikachagua mlango. Nikauweka. Nikaiachia saa.

Jikoni tone likaanguka. Barazani mama akavuta pumzi, akakohoa, akamaliza neno lake, "...maji." Kwenye kioo, Mpangaji akausukuma mlango. Akatoka. Hatua moja. Mbili. Akaja mpaka kwa wale wanawake wawili.

Mle stoo mkawa na harufu ya lipu mbichi. Kitu kikanigusa bega. Kilikuwa na uzito. Kilikuwa na ubaridi. Nikafumba macho. Mdogo wangu hakufumba, wala hakurudi nyuma.

"Pita," alisema. Sauti yake haikutetemeka. "Mlango umepewa. Ila mama yangu humgusi tena. Ukimgusa, nitakufuata hukohuko unakokwenda, na mimi kuta hazinizuii. Umeona."

Halafu nyayo, zikitoka stoo, zikifuata ujia, taratibu, kama za mtu anayejifunza upya kutembea mbali. Nilipofumbua macho, Mpangaji alikuwa anavuka baraza la kwenye kioo. Akafika ukingoni mwa kioo. Akapita. Mashine ikazimika yenyewe.

Tulimkuta mama ameketi kwenye kidato, anajipepea na kanga, amekasirika.

"Huyo fundi wenu hana adabu. Kapita hapa hata salamu hakuna. Na mwambieni akaonane na daktari, vidole vyote havina kucha."

Waya alikuwa ameondoka saa nzima iliyopita.

Mlango wa mama ulirudi mahali pake jioni ile, na dirisha pia. Shimo nalo lilibaki. Mdogo wangu hakuliziba. Aliliwekea fremu na mlango wa pili, kwa hiyo chumba cha mama sasa kina milango miwili imesimama ubavu kwa ubavu. Wageni wakiuliza, huwaambia mmoja ni wa kuingilia na mwingine ni wa ubishi. Mama naye huongeza kwamba wa ubishi ndio haupigi kelele.

Na stoo? Tulipoiondoa meza, tuliona ukutani, usawa wa bega la mtu mzima, pamelika. Lipu imelainika, imebonyea kidogo, kama pale ambapo mtu ameegemea kwa miaka mingi. Nilimshauri mdogo wangu apake lipu mpya. Alikataa. Alitengeneza mlango mwembamba, akaupachika juu ya sehemu ile, bila kitasa, bila komeo. Ukiufungua unakutana na ukuta. Nyuma ya ukuta kuna uwanja na kamba ya nguo.

Mwaka wa tatu sasa. Hakuna anayeufungua. Mdogo wangu anajua bawaba kuliko anavyojua viganja vyake, na anasema bawaba za mlango usiotumika huota kutu kwenye kiungo. Mwezi uliopita aliniita nizione. Za mlango ule zinang'aa. Chuma kimeliwa na kuzunguka, kama cha bawaba za mlango wa duka.

"Anautumia," nilisema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo kazi ya mlango," akanijibu, akachukua randa yake akaendelea na mbao.

Sina la kukutisha zaidi, msomaji wangu. Nina ombi dogo tu. Siku utakapoukuta mchezo wako wa zamani, ukauwasha, ukacheka, kumbuka kitu kimoja kabla hujainuka kwenye kiti: tazama kila chumba, uone kama aliyemo ana pa kutokea.